Bobini ya Pili kwa Msemaji

UMOJA WA MAFUNDI CHEREHANI WA CHUMBA CHA JUU
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA WAJUMBE WOTE

TAREHE: Jumamosi ya mwisho wa mwezi
MAHALI: Chumba cha kushonea, ghorofani, juu ya duka la rangi
MUDA: Kiliitishwa saa tisa alasiri, kikaanza saa kumi (tazama KUMB. NA. 1)

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti, fundi suti
2. Katibu, fundi mapazia, ambaye ndiye mwandishi. Mwenyekiti ni shemeji yake.
3. Mtunza Muda, fundi magauni, dada yake Mwenyekiti na kwa hiyo wifi yake Katibu. Msomaji azingatie hilo.
4. Fundi suruali, ajulikanaye kwa jina la Kwa Kifupi
5. Fundi Kola, fundi mashati
6. Mama Sare, fundi sare za shule
7. Bi Vifungo, ambaye kazi yake ni vifungo na matundu yake

ASIYEHUDHURIA KWA TAARIFA
Fundi Viraka, aliyekwenda kumwoza mpwa wake.

ASIYEHUDHURIA BILA TAARIFA
Fundi Pasi. Alionekana akipita barabarani wakati wa ajenda ya pili, akapungiwa mkono, naye akapunga, akaendelea na safari yake. Asiyekuwepo na lake halipo.

KUMB. NA. 1: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa kumi kamili, akaeleza kwamba akidi ilikuwa imetimia tangu saa tisa, isipokuwa kitabu cha kanuni hakikuonekana. Kilitafutwa chini ya meza zote na ndani ya marobota ya vitambaa, na hatimaye kilikutwa kwenye kiti cha Kwa Kifupi, naye akiwa amekikalia. Kwa Kifupi alijitetea kwamba kiti chake kina msumari uliojitokeza na kwamba suala hilo ameliripoti vikao vitatu mfululizo. Mwenyekiti alisema msumari si ajenda ya leo.

Wajumbe walitakiwa kuacha kushona na kuzima simu. Bi Vifungo aliomba kuendelea na matundu yake kwa mkono kwa kuwa sindano haina kelele. Aliruhusiwa.

KUMB. NA. 2: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA

Kabla ya kusoma kumbukumbu, Mwenyekiti alimwagiza Katibu aandike upya utaratibu wa muda, kwa faida ya mtu yeyote atakayezisoma siku za mbele na kudhani Umoja huu una wazimu.

Utaratibu ni huu. Mjumbe akisimama kuzungumza, Mtunza Muda hukaa kwenye cherehani ya miguu iliyo karibu na mlango, huweka bobini tupu, na huanza kukanyaga pedeli ili uzi uizunguke. Bobini ikijaa, msemaji hukaa chini, hata kama sentensi yake imefika nusu. Utaratibu ulianzishwa kwa sababu ya mjumbe mmoja ambaye kwa heshima hatutamtaja. Mjumbe huyo alisimama na kuomba iandikwe kwamba ni yeye. Ni Kwa Kifupi, aliyepewa jina hilo kwa kuwa kila hotuba yake huanza kwa maneno hayo na hakuna hata moja iliyowahi kuyatii. Faida ya pili ya utaratibu ni kwamba kikao kikiisha, bobini za kushonea za wiki nzima huwa tayari.

Katibu alisoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Ilisomwa kwamba Mama Sare alinunua cherehani ya umeme kwa ajili ya oda ya shule, na kwamba aliomba apewe nafasi ya dirishani kwa kuwa kuna soketi. Ilisomwa kwamba nafasi hiyo ni ya Fundi Kola, na kwamba iliamuliwa meza yake ihamishiwe kwenye kona ya stoo kuanzia Jumatatu inayofuata kikao cha leo. Mwisho ilisomwa hivi: "Fundi Kola alisimama kupinga. Alisema: Mimi naomba. Bobini ilijaa."

Kwa Kifupi alisema kumbukumbu hizo si kamili, kwani mtu hawezi kusimama mbele ya wenzake akasema maneno mawili tu. Katibu alijibu kwamba kazi yake ni kuandika yaliyosemwa, na yaliyobaki tumboni mwa mtu hana kalamu ya kuyafikia. Kwa Kifupi alisema hilo analijua, na kwamba hamlaumu Katibu, anailaumu bobini.

Ieleweke kwamba Fundi Kola ana kigugumizi. Hilo si siri wala si tusi. Kila fundi wa chumba hiki anajua kwamba ukimpa Fundi Kola nafasi, neno litatoka, ila linakuja kwa miguu wakati wengine wamepanda gari. Alipoulizwa kama ana la kusahihisha katika kumbukumbu, alitikisa kichwa na kuangalia dirishani.

Hapo ndipo Mama Sare mwenyewe aliposema jambo ambalo Katibu analiandika kwa kumpa haki yake. Alisema siku ile uzi uliotumika kwa Fundi Kola ulikuwa mnene, ule wa kushonea jinzi, na kwamba uzi mnene hujaza bobini kabla mtu hajameza mate. Macho yote yalimgeukia Mtunza Muda. Mtunza Muda alisema uzi ule ndio aliokuwa nao mkononi, hakukuwa na njama, na kama wifi yake anamtazama hivyo basi aandike pia kwamba kuna watu huja kikaoni na uzi wao wenyewe mwembamba wa kudarizi na kumwomba autumie wao wanapozungumza. Kwa Kifupi alisoma kwa makini maandishi yaliyo kwenye ukanda wake wa kupimia.

Mwenyekiti alisema basi, hii ndiyo sababu ya ajenda ya leo. Kumbukumbu zilithibitishwa. Mtoa hoja alikuwa Mama Sare, na aliyeunga mkono ni Bi Vifungo.

KUMB. NA. 3: KANUNI YA KUMWONGEZEA MSEMAJI MUDA

Mwenyekiti alieleza kwamba kikomo cha muda ni kitu kizuri, maana bila kikomo Umoja huu ungekuwa bado kwenye kikao cha mwaka juzi. Lakini alisema kikomo kisichoweza kulegezwa ni kama suruali isiyo na upindo: mwenye nayo akirefuka, itabidi aivue. Alipendekeza iwepo kanuni ya bobini ya pili, na akafungua mjadala.

Kwa Kifupi alisimama wa kwanza. Alisema, kwa kifupi, anaunga mkono kwa mikono miwili, na kwamba kanuni iwe nyepesi: msemaji akiona bobini inakaribia kujaa, anyanyue kidole, na aongezewe. Aliendelea kutoa mifano. Bobini ilijaa akiwa kwenye mfano wa pili, uliohusu baba yake mkubwa na mbuzi wa jirani. Aliomba aongezewe muda ili amalize kueleza kwa nini watu waongezewe muda. Mwenyekiti alimwambia kanuni hiyo bado haijapitishwa. Kwa Kifupi alisema ndiyo maana anataka ipitishwe. Alikalishwa.

Mama Sare alipinga kidole. Alisema msemaji mwenyewe hawezi kuwa hakimu wa utamu wa maneno yake, kwani mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Alitaka aombewe na mjumbe mwingine. Kama umezungumza bobini nzima na hakuna hata mtu mmoja anayetaka kukusikia zaidi, basi umepata jibu lako. Wajumbe walicheka. Kwa Kifupi naye alicheka, ila alichelewa kidogo.

Bi Vifungo aliunga mkono hoja ya Mama Sare. Alipokumbushwa kwamba alishaunga mkono pia hoja ya Kwa Kifupi, alisema zote ni nzuri.

Mwenyekiti aliuliza kama ombi la kuongezewa muda lenyewe lijadiliwe kabla ya kupigiwa kura. Mtunza Muda, akiwa bado kwenye pedeli, alisema kama litajadiliwa basi wanaolijadili nao watataka kuongezewa, na hao watakaoomba kuongezewa nao watajadiliwa, na yeye ana goti moja tu zima. Hoja hiyo ilishinda bila kura.

Lilibaki suala la idadi. Mwenyekiti alisema anayeongezewa muda anachukua muda wa wengine, kwa hiyo nusu ya wajumbe haitoshi, na kwamba vyama vyenye heshima hutumia theluthi mbili. Kila mmoja aliafiki mpaka Fundi Kola alipoandika kwa chaki ya kushonea juu ya meza hesabu ya watu saba waliomo chumbani. Theluthi mbili ilitoka watu wanne na vipande viwili vya mtu. Kulitokea kutoelewana. Mama Sare alisema vipande viachwe, wabaki wanne. Kwa Kifupi alisema haiwezekani kumkata mjumbe. Mwenyekiti aliuliza wajumbe wao ni watu wa kazi gani, na kitambaa wanakikata vipi pale kipimo kinapokuwa na kasoro. Wote walijibu kwa pamoja kwamba mtu hukata kwa kuzidisha, kwa sababu nguo kubwa hupunguzwa na ndogo haiongezeki. Kwa hiyo idadi ilipandishwa hadi watano.

MAAZIMIO:
Msemaji akikaribia mwisho wa bobini yake, mjumbe mwingine, si yeye mwenyewe, anaweza kusimama na kuomba aongezewe. Ombi halijadiliwi. Kura ni ya kunyoosha mikono na lazima ifikie theluthi mbili ya waliomo, na vipande vikitokea vihesabiwe kuwa mtu mzima. Anayeongezewa hupata bobini moja zaidi. Uzi utakuwa mmoja kwa wote, mweupe, wa kawaida, na utatolewa na Umoja.

Kanuni ilipita. Kwa Kifupi aliipigia kura ya ndiyo, ingawa uso wake ulionyesha kwamba ameshapiga hesabu ya watu wangapi chumbani humu wangesimama kumwombea yeye.

KUMB. NA. 4: NAFASI YA DIRISHANI

Mwenyekiti alisema kwa kuwa Jumatatu meza inahamishwa, na kwa kuwa Fundi Kola hakumaliza sentensi yake, ni haki asikilizwe kabla. Alimkumbusha kila mmoja kwamba uamuzi wa kikao kilichopita bado upo, na kwamba asipopatikana mtu wa kuurudisha mezani utabaki ulivyo. Mama Sare alisema hana tatizo, ila naye asisahaulike: oda ya shule ina siku zake, wazazi hawaelewi habari za soketi, na yeye hakununua cherehani ya umeme ili aitazame.

Fundi Kola alisimama. Mtunza Muda aliweka bobini tupu na uzi mweupe, akaanza kukanyaga.

Kama alivyozoea, Fundi Kola alishika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto. Alianza na neno "Watu". Kutoka barabarani ilisikika sauti ya mtu akigonga beseni, jambo linalotokea kila siku na ambalo wajumbe wamelilalamikia mara nyingi. Fundi Kola aligeuka dirishani mara moja, kisha akarudi kwetu. Alisema: "Watu wanadhani nataka mwanga." Katibu anaandika maneno na haandiki vituo, kwa hiyo sentensi hiyo inaonekana fupi hapa. Chumbani haikuwa fupi. Ilipoisha, bobini ilikuwa imebakiza nafasi ya uzi usiotosha hata kifungo kimoja.

Fundi Kola mwenyewe alishaanza kukunja magoti ili akae, kama mtu aliyezoea. Ndipo Kwa Kifupi alipoinuka na kusema:

"Aongezewe."

Kisha akakaa. Mwenyekiti alimsubiri aendelee. Hakuendelea. Katibu amepekua kumbukumbu zote za nyuma na hajaona hotuba ya mjumbe huyo iliyo fupi kuliko hiyo.

Mwenyekiti aliita mikono. Kwa Kifupi alinyoosha wake, Bi Vifungo alinyoosha wenye sindano, Katibu alinyoosha wenye kalamu. Mtunza Muda alinyoosha bila kuacha pedeli. Hao walikuwa wanne. Fundi Kola hakujipigia kura, na Mwenyekiti alisema kiti chake kinamzuia. Alitakiwa wa tano, na aliyebaki alikuwa Mama Sare.

Mama Sare alitazama cherehani yake mpya, ambayo bado ina karatasi ya nailoni juu. Alipumua kwa nguvu. Alisema: "Dirisha nalitaka, sifichi. Lakini sitaki kulipata eti kwa kuwa mwenzangu hakumaliza sentensi." Akanyoosha mkono.

Ombi lilipita. Bobini ya pili iliwekwa.

Fundi Kola alizungumza, na Katibu anayanakili maneno yake yote, kwa idhini yake:

"Watu wanadhani nataka mwanga. Mwanga hata konani upo, kuna taa. Mke wangu ndiye yule anayeuza mabeseni ng'ambo ya barabara. Tangu nije hapa tunaongea kupitia dirisha hili, kwa mikono. Akinitaka anagonga beseni. Ananiuliza nimekula, namwambia bado. Mteja akinikera namwambia, ananiambia achana naye. Kwa mdomo nakwama. Kwa mikono sikwami. Mkinipeleka kona ya stoo, nitakaa kimya asubuhi mpaka jioni. Hicho tu ndicho nilikuwa naomba."

Mwenyekiti aligundua kwamba hasikii pedeli, akamuuliza Mtunza Muda kwa nini bobini imesimama ikiwa nusu. Mtunza Muda alisema uzi umekwisha. Katibu aliona kigurudumu cha uzi kikiwa kimejaa pomoni, lakini ameandika jibu kama lilivyotolewa, na kwa mara moja hii anampongeza wifi yake.

Bi Vifungo alisema kwa sauti, kama afanyavyo mtu asiyesikia vizuri, kwamba miaka yote hii alidhani Fundi Kola anafukuza nzi.

KUMB. NA. 5: KUREJEA UAMUZI

Mwenyekiti alieleza kwamba anayeweza kurudisha uamuzi mezani ni yule aliyeupigia kura uamuzi huo, ili walioshindwa wasije wakafufua kila wanachokitaka kila mwezi. Mama Sare alisema basi ni yeye, kwani hakuna aliyeupigia kwa mkono mrefu zaidi. Alitoa hoja ufutwe. Bi Vifungo aliunga mkono. Ulifutwa.

Hata hivyo Mama Sare alikumbusha kwamba huruma haizungushi mota. Ilibainika kwamba soketi nyingine iko karibu na mlango, kwenye meza ya Kwa Kifupi, ambaye huitumia kuchaji simu. Kwa Kifupi aliulizwa kama anaweza kuhama. Alisema, kwa kifupi, anaweza, na akaeleza faida za kona ya stoo hadi bobini ikajaa. Hakuna aliyesimama kumwombea, naye hakuonyesha kinyongo.

Wajumbe walimwonea huruma kidogo, kwa kuwa huko konani hakuna mtu wa kuzungumza naye ila Bi Vifungo. Bi Vifungo aliulizwa kama atavumilia. Aliomba swali lirudiwe. Liliporudiwa alisema anaunga mkono, maana anapenda kuona mdomo wa mtu ukicheza wakati yeye anashona, humsaidia asisinzie. Kwa Kifupi alisema hajawahi kupewa maneno mazuri kama hayo. Mwenyekiti alisema hii ni mara ya kwanza Umoja unamaliza jambo na pande zote zikabaki na kicheko.

MAAZIMIO: Fundi Kola abaki dirishani. Cherehani ya Mama Sare iwekwe mlangoni Jumatatu asubuhi, na wajumbe wote wasaidie kuibeba. Kwa Kifupi ahamie konani pamoja na kiti chake, na msumari upigwe nyundo.

KUMB. NA. 6: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alishika kitabu cha kanuni ili afunge. Fundi Kola aliomba kwa ishara aende dirishani kumpa mke wake habari. Aliruhusiwa. Alinyoosha mikono, akaichezesha haraka kuliko Katibu alivyowahi kumwona akifanya lolote, hata kola ya shati la bwana harusi. Wajumbe walisogea nyuma yake kutazama.

Ng'ambo ya barabara, mke wake aliweka chini mabeseni aliyokuwa akiyapanga na kujibu kwa mikono yote miwili. Mwenyekiti aliuliza anasema nini. Fundi Kola alieleza kidogo kidogo kwamba kwanza anawasalimu wote. Kwamba anamshukuru Mama Sare. Kisha akanyamaza na kuanza kutabasamu. Alipobanwa, alisema sasa mke wake amefika kwenye habari za Mwenyekiti aliyekubali wazo la kona ya stoo, na kwamba ndiyo kwanza anaanza.

Mwenyekiti alisema kwamba huyo si mjumbe, na hata angekuwa mjumbe angekuwa na haki ya bobini moja tu, nayo kwa makadirio yake imeshajaa. Alisema kama hakuna mtu, anafunga.

Fundi Kola aliinua mkono. Alisema: "Aongezewe."

Neno hilo lilichukua muda kutoka. Tulisubiri, na hakuna aliyemmalizia.

Kwa mujibu wa kanuni, ombi halikujadiliwa. Mikono iliyonyooshwa ilikuwa ya chumba kizima, wa Mwenyekiti ukiwa wa mwisho, ingawa kiti chake kinamzuia. Kikao kilifungwa saa kumi na mbili jioni, mke wa Fundi Kola alipomaliza.

Zimesainiwa na:

MWENYEKITI ................................
(Anaomba ieleweke kwamba amesikia, na anaomba radhi.)

KATIBU ................................